Bi Kuo Hsiu-luan na Ghala la Karanga

Tarehe 16 Julai 2024, Bi Kuo Hsiu-luan anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya afya kwa miaka thelathini na mitatu, yote akiwa mkaguzi wa vyakula.

Wenye maghala hapa mjini waliujua mlio wa pikipiki yake. Ukisikika tu, mafagio yalianza kazi. Aliwahi kuzamisha mkono hadi kwapani katika gunia la mchele, akaibuka na soksi. Mwenye mali akaapa si yake. "Basi ni ya mchele," akajibiwa. Mpaka leo anaitwa Bwana Soksi.

Nimeombwa niandike mambo ya furaha. Lipo moja lisilo la furaha, nami nisipoliandika leo sitaliandika tena.

Machi 2009, wiki moja kabla ya sikukuu ya kufagia makaburi, mimi na yeye tulikagua ghala la karanga la Bwana Tsai. Paa lilivuja, magunia ya chini yameota ukungu, na unga wa karanga umejaa mavi ya panya. Dada Luan, kama tunavyomwita ofisini, akajaza fomu ya kukamata shehena yote, akatia saini, akanipa kalamu. Zilihitajika saini mbili.

Tsai alisoma na kaka yangu. Alinishika mkono. "Liao, sikukuu ndiyo riziki yetu. Nipe wiki moja tu nisafishe."

"Tumpe wiki, Dada," nikasema.

"Mdogo wangu, wiki ijayo unga huu utakuwa matumboni mwa watu. Tia saini."

Sikutia. Alikwenda kwa mkuu, akaambiwa alete saini ya pili. Akanirudia mara mbili. Nilijifanya nina kazi nyingi.

Siku ya kufagia makaburi kila nyumba hapa hula chapati laini za kuviringisha, zenye unga wa karanga ndani. Watu kumi na wanne walilazwa. Bibi Su A-kim, aliyeziuza kando ya hekalu na kula zilizombakia, alifariki siku ya nne.

Ndipo nikasaini. Tani sita zilizosalia zikateketezwa. Katika picha ya gazeti mimi ndiye niko mbele, nimeshika utepe wa kufungia ghala. Dada Luan hayumo, alikuwa mazishini.

Hakumwambia mtu. Mwaka uliofuata nilipandishwa cheo mimi.

Wiki iliyopita nilimweleza kwamba nitayaandika haya.

"Miaka kumi na mitano nangoja uyaseme mwenyewe," akasema. "Andika. Na jina la yule bibi liandike lote."

Nimeliandika. Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza.

Dada Luan, ofisi nzima inakushukuru, na mimi nakuomba radhi mbele yao wote. Nenda ukalale mpaka jua lipande, ule bila kunusa kwanza, na afya njema ikukae miaka mingi.