Mama Nyoosha, Aliyependa Kukaa Nyuma

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa tano kati ya saba wa fundi wa reli na mkewe muuza mboga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni. Bibi mzaa mama alikuwa akisimulia kwamba huyu wa tano alikuja kimyakimya hata mkunga akadhani kazi bado. Ndivyo alivyoishi: mambo yake yapite, na mtu asigeuke kutazama.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971. Alichagua dawati la mwisho, kando ya dirisha. Mwalimu alimhamishia mbele kwa sababu ya ufupi wake, lakini juma halikuisha kabla hajarudi nyuma, dawati moja baada ya jingine, hadi mwalimu akasalimu amri. Katika kazi za mikono hakuwa na mpinzani.

Mwaka 1974 aliajiriwa kwenye duka la kushona sare za shule, barabara ya sokoni, na hapo alikaa hadi kustaafu mwaka 2012. Cherehani yake ilielekea ukutani, kwa hiyo wateja walimfahamu kwa kisogo. Kila jioni alisimama, akainua mikono juu, akajipinda kushoto, akajipinda kulia, akashika kiuno na kuguna. Mgongo ulikuwa umemchosha, basi.

Chini ya ngazi za duka hilo palikuwa na fundi viatu. Hadi leo fundi huyo anasema alimpenda kwa kuwa ndiye mteja pekee aliyeacha kiatu bila kupiga kelele kwamba anakitaka leo leo. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1979. Bibi harusi aliomba viti vyao viwekwe karibu na mlango. Walijaliwa mabinti wawili na mwana mmoja.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi mliokaa hapa mnalijua, ila mnalijua kwa upande wenu.

Jumamosi ya tarehe 6 Machi 2010, jirani yake, ambaye ni muuguzi, aliandaa yoga ya asubuhi kwenye uwanja wa mpira, na baada yake chakula cha kuchangia, kwa ajili ya chama kinachogharamia matibabu ya watoto wenye ugonjwa wa moyo. Alimwomba marehemu alete sufuria ya wali. Alikwenda kwa ajili ya wali, si kingine. Mwalimu wa yoga alikuwa ameharibikiwa na gari njiani. Watu walikuwa wametandika mikeka, mashuka, na zulia moja la bafuni, wakielekea meza za chakula. Marehemu akafika amechelewa, akatua sufuria, na mgongo ukamuuma. Akafanya lile la kila jioni. Akainua mikono.

Nyuma yake akasikia watu wakijinyanyua. Alipogeuka, uwanja mzima ulikuwa umeinua mikono.

Akashtuka, kiatu kikamvuka, maana kifungo chake kilikuwa kimelegea na fundi wake nyumbani alikuwa akikipiga kalenda. Akainama kukiokota. Uwanja mzima ukainama. Akaona heri aondoke, akashika njia ya getini, nao wakajipanga nyuma yake, vijana kwa wazee, kwa heshima zote. Akaona haya kutoka na watu wote wale. Akalipita geti, akazunguka uwanja, akarudi pale pale.

“Baba watoto,” alimwambia mumewe siku hiyo, “nimekamatwa.”

Mumewe alicheka hadi mbavu zikamuuma. Yeye hakucheka.

Tangu hapo akawa Mama Nyoosha, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mwalimu wa kweli alikuja mwezi uliofuata akaambiwa kwa upole kwamba tayari tunaye mama yetu. Kunyoosha, Kuokota Kiatu na Kuzunguka vikawa ndiyo yoga yenu, na wapo wanaovua kiatu kimoja mpaka leo wakiamini ndipo siri ilipo. Mara moja alijaribu kukaa safu ya mwisho. Mkageuza mikeka yote, nyuma ikawa mbele.

Alimwendea mwenyekiti wa chama. “Mwezi ujao nataka nije kula tu, kama watu wengine.”

“Mama, usitutanie,” mwenyekiti akamjibu. “Bila wewe watu hawaji. Na wasipokuja, wale watoto watatibiwa na nani?”

Jumamosi ya kwanza iliyofuata akatua sufuria, akainua mikono.

Mwaka 2021 daktari alimwambia kwamba moyo wake umechoka na apunguze shughuli. Wakati huo picha yake ilikuwa kwenye tangazo la chama pale kituo cha basi, chini yake yameandikwa maneno “Moyo Imara”. Mumewe alimsihi aseme ukweli. “Niwaambie nini?” alimjibu. “Wakijua, watasema nimewadanganya, na watoto wataachwa.” Miguu ilipoanza kuvimba, mumewe alifumua viatu vyake na kuongeza ngozi. Ilipovimba zaidi, aliongeza tena.

Jumamosi ya tarehe 5 Oktoba 2024, wakati wa Kuokota Kiatu, marehemu aliinama asiinuke. Alipiga goti, kisha akalala kwa ubavu. Nanyi mkapiga goti, mkalala kwa ubavu, mkafumba macho. Wapo waliosema baadaye kwamba hawajawahi kupumzika vizuri kama asubuhi ile.

Mumewe alikuwa mezani akifunika sufuria. Aliona kiatu bado kipo kwenye nyasi na mkono haujakifikia. Aliita, na hakuna aliyeinuka. Alikimbia akiruka miguu ya watu hadi akamkanyaga muuguzi, ndipo muuguzi akafumbua macho.

Hospitalini, marehemu alimuuliza mumewe, “Walilala wote?”

“Wote.”

“Hata pale hawakuniacha,” alisema. Alifariki Jumatatu ya tarehe 7, saa nne asubuhi.

Familia haina lawama. Hapana, lawama ipo kidogo, na tunaisema leo ili tuiache hapa. Mlimpenda sana, na mapenzi yenu hayakuwa na mlango wa kutokea. Tunajua pia wapo watoto wanaokimbia leo kwa sababu yake, na yeye alilijua hilo kuliko sisi. Juzi msibani mwenyekiti alimwambia binti mkubwa kwamba mama amemwachia nafasi ya mbele. Binti alimjibu, “Mama aliniachia cherehani.”

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu sita na kaka mmoja.

Kaburi lake tumelichagua wenyewe: safu ya mwisho, karibu na ukuta, nyuma ya wote. Na apumzike huko nyuma alikotaka siku zote. Tukishamaliza, tutatoka wote kwa geti la mbele. Tafadhali, safari hii msigeuke.