Mikono Mikavu ya Bwana Geji

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Geji, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa dobi na mkunga. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa jirani na nyumbani, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, alikohitimu mwaka 1973 katika fani ya mabomba na mitambo ya gesi.

Januari 1974 aliajiriwa na hospitali kuu kama fundi wa oksijeni, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na saba. Alipokea mitungi, akasoma geji za kupimia presha, akabadilisha vali na mipira ya kupitishia gesi, akapaka povu la sabuni kwenye maungio kutafuta panapovuja. Sheria yake ilikuwa moja: mafuta hayasogei penye oksijeni, maana vikikutana ni moto. Kwa hiyo hakujipaka mafuta, wala hakukubali kuguswa na aliyejipaka. Mikono yake ilipauka, ikapasuka kama udongo wa kiangazi.

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 9 Agosti 1980. Bibi harusi aling'aa kwa mafuta. Bwana harusi alimshika mkono kwa leso, kwa kuwa jioni alikuwa na zamu. Tangu hapo mama aliuita mtungi "mke mwenza." "Kimo kanizidi, na wala hazeeki," alikuwa akisema. Baba alipostaafu mwaka 2011, muuguzi mkuu alimwambia mama, "Shemeji, asante kwa kutuazima mume."

Mama akajibu, "Kuazima? Cha kuazima si hurudishwa?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Walijaliwa watoto wawili. Mimi, binti yao mkubwa, nilikuwa na miaka minane nilipokimbia hadi stoo ya mitungi kumwonyesha kwamba nimekuwa wa kwanza darasani. Nilipomkaribia alirudi nyuma. "Hongera, mwanangu. Ila usinishike, umejipaka mafuta." Kisha akausukuma mtungi kuelekea wodi ya watoto, mkono wake ukiwa begani mwa chuma kile. Niliuonea wivu. Niliwaonea wivu hata wagonjwa wale wadogo, Mungu anisamehe, kwa kuwa mikono niliyonyimwa ndiyo iliyowapelekea pumzi.

Hata baada ya kustaafu hakuiacha sheria yake ya mafuta. Mwaka 2022 mapafu yake yalianza kukakamaa. Mtungi ukaletwa nyumbani, ukasimamishwa kando ya kitanda. "Haya, kahamia chumbani kabisa," mama alisema. Nilijifunza kufunga geji. Kila mara baba aliuliza, "Mikono?" nami nikajibu, "Mikavu, baba." Siku moja aliigeuza mikono yangu, akaona nayo imeanza kupasuka. "Pole, mwanangu," alisema, akaishikilia kwa muda mrefu.

Alifariki dunia Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi. Nilifunga vali, nikamtoa mpira puani, nikauburuta mtungi hadi uani, nikafungua madirisha. Mama alisubiri mpaka aliposikia mlango wa uani umefungwa.

"Lete mafuta," alisema. "Leo hana zamu."

Yeye alishika mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Mipasuko ilikunywa mafuta yote, tukaongeza.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano. Aliyeazimwa tulirudishiwa kwa siku tatu, tangu Jumanne ile. Leo tunamrudisha kwa Mwenyewe. Apumzike.