Bi. Kaveke Mbuvi na Seva Iliyokuwa Ikisahau

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Kaveke Mbuvi anastaafu baada ya kulitumikia shirika letu kwa miaka thelathini na mmoja. Mimi, Alvin wa idara ya teknolojia, nimepewa kazi ya kuandika haya na kuonywa nisitie chumvi. Kwa mama huyu chumvi haihitajiki.

Alianza mwaka 1994 kama karani wa kadi katika kliniki yetu ya Makina, Kibera. Ukimtajia jina la mgonjwa, mkono wake ulikuwa umeshaifikia kadi kabla hujamaliza kulitamka. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, mwaka 2003, wengi waliikwepa. Yeye alisoma kitabu chake cha maelezo chote, akaifungua kwa bisibisi, akaifunga tena, ikawaka. Mkurugenzi wa wakati huo alifoka siku nzima, kisha akampa idara hii ya teknolojia aiongoze.

Sheria zake tunazijua. Katika chumba cha seva hapa ofisini kwetu Olympic haiingii chai wala mandazi, hata uwe mgeni rasmi. Na ukimpelekea shida, kabla hajagusa chochote atakuuliza nini kilitangulia, akiandike kwenye kaunta buku, lile daftari lake nene, saa na dakika. Sisi wa digrii tuliicheka sana hiyo kaunta buku. Tuliicheka hadi Machi mwaka jana.

Mwezi huo tulikuwa tunahamisha faili za wagonjwa wote wa Kibera na Kawangware, zaidi ya elfu sita, kutoka seva kuukuu ambayo diski yake ilikuwa inakata roho. Tulikuwa na seva tatu za mitumba za kuunganisha ziwe klasta, yaani zifanye kazi kama kompyuta moja, wingu letu wenyewe. Ndani ya kila moja zingekaa mashine pepe, yaani kompyuta zisizo na umbo zinazoishi ndani ya kompyuta halisi, na hizo ndizo zingebeba faili. Mbili zilikubali. Ya tatu ilisema prosesa yake, ndiyo ubongo wake, haiwezi kubeba mashine pepe. Niliingia kwenye mipangilio yake, nikawasha ruhusa inayohitajika, ikakubali. Kesho yake ikakataa tena, kwa maneno yaleyale.

Nikailaumu programu. Niliifuta na kuisakinisha upya mara tano, nikawaandikia watengenezaji wake barua pepe ambayo leo naionea haya. Mwenzangu Tonny aliapa kwamba seva yenyewe ni ovyo na itupwe. Lakini bila ya tatu klasta haikuwa inakamilika, na diski kuukuu ilikuwa imeanza kumeza faili moja moja. Tuliogopa, nisiwafiche.

Bi. Kaveke hakubishana na mtu. Alitufungulia kaunta buku: kila hitilafu ilikuja baada ya stima kupotea. Kisha akatuambia tuangalie saa ya seva ile inasemaje. Ilisema Januari 2009! Jameni, nilikuwa nimeipita tarehe hiyo mara tano. Kumbe ndani ya seva kuna kibetri kidogo cha mviringo kinachoiwezesha kukumbuka saa na mipangilio yake umeme ukikatika, nacho kilikuwa kimekufa. Stima ikienda, seva inarudi ilivyotoka kiwandani, na ile ruhusa inazimika.

Alitembea hadi Makina kwa Mzee Taha, fundi wa saa, ambaye alitaka kwanza kujua saa yenyewe ni ya nani. Akarudi na kibetri cha bei ya chapati mbili, akakiweka mwenyewe, tukawasha ruhusa, halafu akachomoa waya wa umeme makusudi. Mimi nilifumba macho. Seva iliporudi, tarehe ilikuwa sawa na mashine pepe zote zikaamka. Aliandika saa, akaenda zake kula. Nimesoma chuo miaka minne na sijawahi kuona kitu kama kile.

Faili zilihamia klasta siku hiyo hiyo. Siku nne baadaye diski kuukuu ilikufa kabisa.

Sasa, Madam, kuna jambo hukuambiwa, na hata mimi nimesimuliwa juzi tu na Mabruka, muuguzi wa kliniki yetu ya Kawangware. Wiki iliyofuata, Wayua, mkazi wa Riruta, alimpeleka kliniki hiyo mpwa wake wa miaka mitatu, aliyekuwa amemtembelea kutoka Kibera, akiwa na homa kali. Mabruka alikuwa ameshavuta penisilini kwenye sindano. Akafungua faili kwanza. Iliandikwa kule Makina kwamba mtoto huyo aliwahi kuchomwa penisilini akabanwa pumzi, akaponea chupuchupu. Shangazi hakuwa na habari. Mabruka aliiweka sindano chini, akatafuta dawa nyingine.

Kwa hayo, na kwa mengine ambayo hakuna atakayeyajua kamwe, tunakushukuru kwa moyo wote. Nenda kwenu Kitui ukapumzike, afya iwe tele, na simu zetu usizipokee kabla ya saa nne asubuhi. Ila Ijumaa usiondoke mapema. Mtoto yule anaitwa Makau, sasa yuko nasari, na mama yake anamleta akusalimie.