Maji Niliyotia Kwenye Dumu la Jirani

Wakubwa shikamooni, wenzangu wa kikundi hamjambo. Ninalolisema leo, hata mume wangu amelijua juzi tu.

Mimi nakaanga chipsi mayai hapa Kibaha. Mafuta yakichoka nilikuwa namwaga mtaroni, maganda ya mayai natupa. Jirani yangu, mjane, akaniambia, "Dada, usitupe, niuzie." Maganda akayachoma kwenye tanuri mpaka yakawa unga mweupe, akauchanganya na spiriti na yale mafuta machafu, ikatoka dizeli. Mzee mmoja wa Kurui, kule Kisarawe, akawa anainunua kwa mashine yake ya kusaga.

Nikaanza kuumwa, wala si malaria. Jirani kapaka nyumba rangi, mimi chakula hakishuki. Mafuta yangu, mayai yangu, riziki iende kwake? Ndugu zangu, nawaambia, wivu unakukondesha wewe, mwenzio hana habari.

Aliwahi kuniambia maji kidogo tu yanaharibu kazi yote. Basi nikatia maji kwenye dumu lake la mafuta, nikalitikisa, nikampelekea huku natabasamu. Siku hiyo alikuwa na haraka, mashine ya Kurui imeishiwa, hakuyachemsha mafuta kwanza maji yakauke. Kazi yote ikaganda kama sabuni. Mzee akaacha kununua kwake.

Jirani akaja bandani kwangu, akakaa. "Niliyasikia mafuta yanarukaruka sufuriani," akasema. "Nadhani mvua iliingia kwenye dumu. Maana wewe huwezi kunifanyia hivyo."

Hapo ndipo nilipovunjika.

"Si mvua," nikamwambia. "Ni mimi."

Aliondoka bila kuaga. Siku nne hatukusalimiana. Ya tano akaja mlangoni: "Vaa, twende Kurui. Utamwambia mwenyewe."

Nilimwambia yule mzee kila kitu, nimeinamisha kichwa. Akanisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, kina mama hapa wametwanga kwa mikono wiki nzima." Ila dizeli alikubali kuichukua tena.

Sasa mafuta nayachuja na kuyachemsha mwenyewe kabla ya kumpelekea jirani. Lakini nisiwadanganye, wivu haujaisha. Juzi kanunua tanuri jipya, ukanishika tena. Safari hii nikaenda kumwambia. Akacheka, akanimiminia chai.

Namshukuru yeye, namshukuru yule mzee, na ninyi mlionipokea bila kunicheka. Mwenye wivu na amwambie mwenzake mapema, wivu ungali maneno tu, haujawa kitendo.