Tawi la Umurinzi

Mwaka ule wa 1997 vita vilikuwa vimejaza kambi pembezoni mwa Bujumbura. Kwenye basi, mbele yangu, bwana mmoja wa wizara ya mazingira alimgeukia mama wa kambini aliyepakata tawi lililofungwa kitambaa chenye maji. "Mama, ninyi wa kambi munamaliza miti ya milima. Hamuna uchungu nayo?"

"Muzee, kwako munapikia nini?"

"Makala."

"Inatoka ku muti gani?" Bwana akarekebisha tai, ingawa ilikuwa imekaa sawa. "Na hilo tawi nalo ni kuni?"

"Apana! Hii ni umurinzi, muti wa rugo, wa kulinda boma la nyumba, haichomwi. Nyumba yetu waliichoma, muti ukabaki. Nimerudi kukata tawi, nipande mbele ya hema."

"Lakini kambini hamutakaa."

"Mungu asaidie. Atakayekuja nyuma atapata kivuli."

"Kwetu pia ulikuwako," bwana akasema polepole. "Ila ile miti ya milima, mama, muiache."

"Na watoto watakula chakula mbichi?"

 Kwenye kona bwana akalichukua tawi la mama, akalisimamisha magotini lisivunjike. Basi likasimama Rohero, mbele ya wizara yake. Hakushuka; alikuwa bado amelishika tawi.