Mama Pazia na Kitambaa Chekundu cha Kisiwani

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi cherehani. Watu walimwita Mama Pazia, kwa sababu maisha yake yote alishona mapazia.

Tuanzie siku ya pili ya msiba wake. Watu wamejaa uani. Akaingia mgeni asiyetarajiwa, mwanaume aliyevaa koti la mvua ilhali jua linawaka. Akamsalimu kaka wa marehemu, ambaye pale nyumbani wote humwita Mjomba, akasema, "Nimemfuata nahodha."

Watu wakatazamana.

"Nahodha gani?"

"Mama Pazia. Tulipanga kusafiri leo."

"Dada yangu? Nahodha? Huyo alikuwa anaogopa hata beseni!"

Watu wakacheka, kisha wakaona haya. Mgeni hakucheka. Alikuwa ameiona picha ya marehemu mezani. Akaketi chini pale pale.

Aliyemletea maji ni binti wa marehemu, mtoto wake wa pekee, mfanyakazi wa kiwanda cha mikate. Binti huyu alidhani anamjua mama yake nje ndani. Sasa kichwa kilimzunguka.

"Kaka, una hakika hukukosea nyumba?"

Mgeni akaeleza. Yeye ni mtafiti wa ndege wa baharini. Aliwahi kumpelekea Mama Pazia tanga la mashua yake, lilikuwa limechanika. Na mnaijua tabia ya fundi huyu: pazia halijaisha mpaka alione likining'inia dirishani kwa mteja. Basi na tanga ikawa vivyo hivyo. "Sikuachii mpaka nilione linavuta," alimwambia. Akapanda mashua. Akaipenda. Akajifunza kushika usukani. Tangu hapo, kila alipoaga kwamba anakwenda kupima madirisha mji wa pili, alikuwa baharini.

Binti akayakumbuka madirisha hayo. Yalikuwa mengi mno, na mapazia yake hakuwahi kuyaona.

Safari yao ya mwisho ilikuwa ya kukichunguza kisiwa kidogo, mchanga mweupe na vichaka. Walikizunguka kwa miguu. Wakakuta nyayo za watu wawili. Mama Pazia akaokota fimbo. Wakazifuata kwa kunyata na kunong'ona, mpaka fundi akaona alama ya kandambili iliyoshonwa kwa uzi. Ilikuwa yake mwenyewe! Walikuwa wanajinyatia.

Akatoa kipande cha pazia jekundu alichobeba kuwa kiraka cha tanga, akakifunga kichakani. "Tujue tulipoanzia, tusije tukajivamia." Mara upepo ukageuka. Wakaikimbilia mashua. Kitambaa kikabaki, kinapepea mahali ndege wanapotagia, kikiwatisha.

"Aliniambia, 'Nimekifunga mimi, nitakifungua mimi.' Ndege wanarudi wiki hii," mgeni akasema. "Na mashua yangu inataka watu wawili."

Sasa tazameni mtihani wa binti. Wiki hiyo hiyo alitakiwa kukabidhiwa usimamizi wa zamu kiwandani, nafasi aliyoingoja miaka. Bosi alikuwa amempigia simu: "Pole sana, dada. Lakini usipofika Jumatatu, funguo nampa mwingine."

"Mpwa wangu, kitambaa tu!" Mjomba akasema. "Hao ndege hawana mabawa? Si waende kwingine!"

"Sijui, Mjomba. Hata mimi sijielewi."

Jumapili akaenda.

Walitoka na jua. Mvua ikawapiga. Jua likarudi kana kwamba halikuwahi kuondoka. Kisha upepo ukakata, tanga likalegea kama pazia la nyumba isiyo na watu. Halafu wingu jeusi likaja mbio. Binti anatapika, hajui mbele ni wapi.

"Tugeuze?" mtafiti akauliza.

"Mama angegeuza?"

"Mama yako? Wingu dogo tu, anageuza! Alikuwa mwoga ajabu. Ila kesho yake utamkuta ufukweni kabla yangu."

Binti akacheka huku analia. Huyo sasa alikuwa mama anayemjua.

Wakageuza. Na kesho yake, wasikilizaji wapendwa, ilikuwa Jumatatu. Binti alifika ufukweni wa kwanza.

Kisiwani alikikuta kitambaa. Fundo lilikuwa lile lile alilofundishwa utotoni, la kufungia mapazia asubuhi nyumba ipate mwanga. Vidole vililijua. Akalifungua. Ndege wa kwanza walikuwa wanazunguka juu, hawajaamua.

Tunampa pole binti huyo, Mjomba, na wote waliowahi kufunguliwa dirisha na Mama Pazia. Nawe unayesikiliza, yupo mtu nyumbani unayedhani umemaliza kumjua? Muulize leo alikuwa wapi. Usingoje mgeni aje akusimulie.

Jumanne binti alirudi kiwandani. Funguo zilikuwa kiunoni kwa mwingine. Akamsalimu, akanawa mikono, akasimama kwenye meza yake ya zamani kukanda unga, nywele zake zikiwa zimefungwa kwa kitambaa chekundu kilichopauka kwa jua.