Nafasi ya Suhail Isijazwe

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Sheikh wetu, Mchungaji Magloire, ndugu wageni waalikwa mliotoka Small Heath, Alum Rock na kwengineko, na wewe Mkubwa, mpiga dramu wetu, unayestaafu leo huku ukijifanya husikii: amani iwe juu yenu nyote.

Nimeambiwa mimi Shemsa, niliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Makaa, niseme machache. Mwenyekiti ananijua, ndiyo maana amekaa karibu na kipaza sauti.

Vijana huniuliza, hivi nyinyi mlivuma kweli? Tulivuma! Miaka ya sitini, sisi Wazanzibari watatu na Charanjit wa Nairobi, mpiga gitaa la besi, aliyetushinda sote kwa matusi ya Kiswahili, tulianza kupiga muziki wa soul na roki katika klabu ya wafanyakazi hapa Nechells, tukafika Coventry, tukafika Manchester, na santuri yetu ikapigwa redioni. Na kilichotuinua ni nini? Ufundi? Wapi! Ni ukaidi wa huyu Mkubwa.

Marehemu mume wangu Suhail, mpiga saksafoni, alifanya kazi kwenye tanuri la chuma. Jumamosi moja msimamizi akamzuia baada ya zamu. Ukumbi umejaa, saksafoni haipo. Akajitokeza mtu wa kumshikia nafasi. Mkubwa akakataa: "Mtu akiwa njiani, nafasi yake haikaliwi." Tukaanza. Wimbo ulipofika pale pa Suhail kupuliza, Mkubwa akaweka vijiti mapajani, sote kimya. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini watu wakaanza kupiga miguu chini, taratibu, wakaushika wimbo wenyewe mpaka tukarudi. Halafu mlango ukafunguka, Suhail huyo, masizi usoni, akapuliza bila hata kuvua koti. Tangu siku ile watu wakatufuata mji kwa mji, na desturi ikabaki: asiyekuwepo, nafasi yake haijazwi. Charanjit alipofariki, besi ikanyamaza. Wageni walidhani waya umekatika.

Suhail naye ametuacha baridi hii iliyopita. Leo Mkubwa atapiga wimbo ule ule kwa mara ya mwisho, maana mikono haimtii tena. Asubuhi nilipofika hapa nikasikia saksafoni ya mume wangu ndani ya ukumbi. Jamani, niliita jina lake! Nikakimbilia ndani na magoti yangu haya. Kumbe ni mjukuu wangu Raisa na wenzake. Wameitoa kwenye santuri, wameitia kwenye CD, waipige pale pake. "Bibi, it was a surprise," akaniambia, machozi yakimlenga. Najua walifanya kwa mapenzi. Nikawaomba waizime. Raisa akaniuliza, "But Babu hayuko njiani, Bibi. Si haji tena?"

Swali hilo nimelibeba tangu asubuhi, nikilitafutia jibu. Sasa ninalo. Babu yako ameshafika, mwanangu. Tulio njiani ni sisi. Na ninavyomjua Suhail, huko aliko hatakubali mtu akae kwenye nafasi yangu. Basi mimi nitaiachaje yake ijazwe na CD?

Mkubwa, ndugu yangu, ahsante kwa ukaidi wako. Nenda kakae kwenye dramu zako, na mikono ikitetemeka, iache itetemeke. Nanyi ndugu zangu, vijiti vikishuka mapajani, msipige makofi, wala msidhani mzee amesahau wimbo.

Kunisikiliza mmenisikiliza, ahsanteni sana. Sasa msikilizeni Suhail.